Udongo Ulaya na Moto wa Ufipa

Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Katikati ya hoja kubwa za viwanda, mashirika ya umma na vijiji, aligusa jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, nalo ni nyumba. Alisikitika kwamba wananchi wenye udongo mzuri wa kufyatulia matofali na vigae walikuwa wakikaa kusubiri bati na saruji, kana kwamba nyumba bora haiwezekani bila vitu hivyo viwili. Saruji yenyewe watu waliiita udongo ulaya, na Mwalimu hakuacha kulitaja jina hilo.

Niliisoma tathmini hiyo nikiwa mwanafunzi, nikaikubali yote. Miaka mingi baadaye, nikiwa Chala, wilayani Nkasi, niliona kwamba hoja hiyo ina upande wa pili. Kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere palikuwa na tanuri la matofali, limekandikwa udongo, linafuka moshi. Fundi aliyelisimamia alinieleza kuwa udongo haujawahi kuwa shida hapa. Shida ni kuni, ambazo kila mwaka zinatoka mbali zaidi. Uwanda wa Ufipa una majani mengi na miti michache. Kumwambia mtu wa hapa aache saruji achome matofali ni kumwambia kwanza akatafute msitu.

Nilikuwa nimeongozana na kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri. Alitoa simu akanionyesha mashine ikichapa kuta za nyumba huko Kilifi, Kenya. Mkono wa chuma ulizunguka msingi, ukamimina zege jembamba tabaka juu ya tabaka, na ukuta ukapanda bila mwiko wala bilula. Akaniuliza, "Mwalimu, sisi tutaipata lini?" Nilimjibu kwamba hilo ni suala la bajeti. Lilikuwa jibu la uvivu. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, na yananilazimu nianzie pale pale tulipokuwa tumesimama.

Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Kabla ya ukoloni, na hata katika miaka yake ya mwanzo, mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu yaitwayo malungu. Mabaki yake bado yanaonekana katika sehemu mbalimbali za uwanda huu, na Profesa Bertram Mapunda aliyafanyia utafiti wa kiakiolojia huko Nkasi katika miaka ya 1990. Tanuri la aina hii lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likafikia kimo cha mita tatu hivi, na chini yake likazungushiwa matundu yaliyopitishiwa mirija ya udongo. Ndani yalipangwa mawe ya chuma na mkaa. Cha kustaajabisha ni kwamba tanuri hili halikuvukutwa. Hewa ya moto ilipanda kwa sababu ya urefu wa tanuri, na kwa kupanda kwake ikavuta hewa mpya kupitia matundu ya chini. Mivukuto ilihitajika katika hatua ya pili tu, katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambamo chuma kilisafishwa kabla ya kufika kwa mhunzi. Kwa maneno mengine, umbo la tanuri kubwa lilifanya kazi ambayo kwingineko ilifanywa na mikono ya watu. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana nitalirudia.

Maarifa hayo yalikuwa na gharama, nayo ni mkaa. Wafipa waliijua gharama hiyo. Majirani zao Wabemba, walioishi kusini katika nchi ya miti, walikata matawi na kuyachoma ili wapate majivu ya kurutubisha shamba. Wafipa walizika majani chini ya matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, yakaoza, kisha wakayasambaza kuwa mbolea. Huo ulikuwa ukulima wa watu waliojifunza kutotegemea moto. Kwa hiyo mtu anapodai kwamba hesabu ya nishati na mazingira katika ujenzi ni anasa ya Wazungu, ningependa afike Ufipa. Hapa hesabu ya moto ni ya zamani kuliko wizara yoyote.

Malungu yalizimika ndani ya muda wa kizazi kimoja au viwili. Majembe ya kiwandani yaliingia madukani, na kodi ya kikoloni ikawasukuma vijana kwenda kutafuta fedha mbali. Maarifa ya kuyeyusha chuma yalikuwa mikononi mwa mafundi wachache, yakilindwa kwa dawa na miiko, na shule za kikoloni hazikuona sababu ya kuyafundisha. Fundi alipokufa, alikufa na kichocheo chake. Kufikia katikati ya karne ya 20, nchi iliyokuwa ikitengeneza majembe ilikuwa imekuwa nchi ya kununua majembe. Madini hayakuwa yamekwisha ardhini. Kilichokwisha ni maarifa.

Sasa tuangalie saruji, ambayo historia yake ina mafunzo yale yale. Kwa kuwa tuliiita udongo ulaya, tumezoea kudhani kuwa ni mali ya Ulaya tangu mwanzo. Ni kweli kwamba saruji tunayoinunua leo, iitwayo Portland, ilipewa hataza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza. Lakini neno saruji halikutoka Leeds. Lilitufikia kutoka Uajemi na Uarabuni. Huko Oman jina hilo lilihusu mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa. Kwa mchanganyiko huo walijengea ngome na kuzibia mifereji ya kumwagilia mitende. Pwani yetu nayo ilikuwa na chokaa yake, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya marundo ya magogo. Kwa chokaa hiyo na mawe ya matumbawe, mafundi wa Kilwa walisimamisha Husuni Kubwa na kuezeka sehemu ya Msikiti Mkuu kwa kuba na matao. Hawakutumia nondo hata moja. Umbo la kuba lilibeba uzito, kama umbo la tanuri la Ufipa lilivyovuta hewa.

Saruji ya kisasa ilianza kuzalishwa nchini mwaka 1966, kiwanda cha Wazo kilipofunguliwa nje kidogo ya Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Songwe, karibu na Mbeya, kiliisogeza karibu na nyanda za juu kusini. Ufipa iliendelea kuwa mbali. Mfuko wa saruji ulipanda lori hadi Tunduma, ukapita barabara ya vumbi zaidi ya kilomita 200, na ukafika Sumbawanga ukiwa na bei iliyowafanya watu wengi waendelee kuchoma matofali. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyokamilika katika muongo wa 2010, ilibadilisha mambo. Leo ukipita Chala utaona tofali la kuchoma na tofali la saruji yakisimama jirani, kila moja likidai kuwa ndilo la maendeleo.

Dhidi ya saruji kuna shtaka zito. Uzalishaji wake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Sababu haiko kwenye moto peke yake. Mawe ya chokaa yanapochomwa hadi nyuzi joto 1,450 ili kupata klinka, jiwe lenyewe hupasuka kikemia na kuachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka ndani ya jiwe. Hata ukiendesha tanuri kwa umeme wa jua, sehemu hiyo itabaki.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia njia ya kupunguza klinka yenyewe. Timu ya Karen Scrivener katika shule kuu ya ufundi ya Lausanne, Uswisi, pamoja na wenzao wa Kuba na India, walitengeneza saruji ambayo nusu yake tu ni klinka. Iliyobaki ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, unga wa mawe ya chokaa ambao haukuchomwa, na jasi kidogo. Udongo huo huhitaji nyuzi joto 800 hivi, na hauna hewa ukaa ya kuachia kama jiwe la chokaa. Matokeo yake ni upungufu wa hewa ukaa unaoweza kufikia asilimia 40. Udongo unaofaa ni ule wenye kaolini ya kutosha, na udongo wa namna hiyo hupatikana kwa wingi katika nchi za joto na mvua, ambako miamba imeoza kwa muda mrefu. Sisi tuna hazina kubwa ya kaolini Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Msomaji ameona tulikofika. Udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa ndiyo saruji ile ya Oman iliyotupa neno. Sayansi ya Lausanne ni mpya katika vipimo na uhakika wake, na sitaki kuipunguzia heshima. Lakini haikuanzia pasipo kitu, na malighafi yake haiko Ulaya peke yake. Udongo ulaya unaweza kuwa udongo wetu, mradi tuwe na watu wa kuupima.

Nije sasa kwenye mashine. Wazo la kujenga kwa kumimina tabaka kwa mkono unaoongozwa na kompyuta lilikuzwa katikati ya miaka ya 1990 na Behrokh Khoshnevis, mhandisi mzaliwa wa Iran anayefundisha California. Mwaka 2005, huko Zürich, Fabio Gramazio na Matthias Kohler walianza kufundisha roboti kazi za usanifu majengo. Matunda yalionekana mwaka 2019, nyumba ya majaribio iitwayo DFAB HOUSE ilipofunguliwa Dübendorf, jirani na Zürich. Ndani yake kuna ukuta uliopinda ambao wavu wake wa chuma ulisukwa na roboti bila kuhitaji mbao za boksi, na dari ya zege iliyomiminwa katika kalibu zilizochapwa. Katika chuo hicho hicho Philippe Block na wenzake walionyesha kuwa sakafu ya zege ikipewa umbo la tao, badala ya kuwa bapa, inaweza kupunguza zege kwa zaidi ya nusu. Kompyuta huitafutia sakafu umbo ambalo uzito hupita kwa kugandamiza, na zege huvumilia kugandamizwa kuliko kuvutwa. Mafundi wa Kilwa wangeielewa hoja hiyo bila mkalimani.

Barani kwetu mashine ilifika kupitia kampuni ya 14Trees, ubia wa kampuni ya saruji ya Holcim na taasisi ya serikali ya Uingereza ya uwekezaji wa maendeleo. Walianza na nyumba ya mfano Lilongwe, Malawi. Mwaka 2021 walichapa kuta za darasa huko Salima kwa saa 18. Kisha ukaja mradi wa Kilifi wa nyumba 52, ambako kuta za nyumba kumi za mwanzo zilichapwa kwa wiki kumi. Mashine yenyewe ilitoka Denmark.

Haya ni mafanikio ya kweli, ila picha ya simu huacha mambo matatu nje. Kwanza, mashine huchapa kuta. Msingi, paa, milango, maji na umeme bado ni kazi ya fundi, na ukuta ni sehemu tu ya gharama ya nyumba. Pili, zege linalopita kwenye mdomo wa mashine halina kokoto kubwa, kwa hiyo kwa kawaida huwa na saruji nyingi kuliko zege tulilolizoea. Nafuu ya hewa ukaa hutokana na ukuta kuwa mwembamba na wenye uwazi ndani, au na aina ya saruji iliyotumika. Haiji kwa sababu kazi imefanywa na roboti. Tatu, kichocheo cha zege hilo na programu inayoiongoza mashine vina wenyewe. Anayenunua mashine bila maarifa hayo atarudi kwa muuzaji kila msimu. Na si jambo la mbali na Ufipa, kwa kuwa hadi mwaka 2023, ilipouza hisa zake kwa kampuni ya Amsons, Holcim hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi katika kiwanda cha Songwe kilicholisha nyanda hizi.

Kuna mfano mwingine ambao hausambai kwenye simu. Gahanga, Kigali, kuna uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017. Majengo yake yameezekwa kwa matao makubwa membamba, yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa pale pale uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa bila kuchomwa. Umbo la matao lilikokotolewa kwa kompyuta na wasanifu waliotoka Uingereza, na mikono iliyopanga vigae ilikuwa ya Wanyarwanda waliofundishwa kazini. Kwa kuwa nchi hiyo ina matetemeko, kati ya tabaka za vigae waliweka wavu wa kuimarisha. Hapo hapakuwa na roboti hata mmoja. Kompyuta ilifanya kazi ya umbo, udongo wa mahali ulifanya kazi ya saruji, na vijana waliondoka na ufundi. Kuni hazikuhitajika.

Je, Nkasi ichukue mchoro wa Gahanga na kuujenga ulivyo? Hapana. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, moja ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Uwanda wa Ufipa umepasuliwa na ufa wa Kanda, na ufa huo haujafa. Jengo la Kilifi halikubuniwa kwa ardhi hii, wala lile la Gahanga. Ni lazima udongo wa hapa upimwe na matao ya hapa yajaribiwe kabla mtoto hajaketi chini yake. Kipimo hicho hakiji ndani ya kontena pamoja na mashine. Ni utafiti, na utafiti ni taasisi na watu wanaolipwa mwaka hadi mwaka.

Wala hatuanzi sifuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji vilipokuwa vikipangwa, serikali iliunda kitengo cha utafiti wa ujenzi, ambacho mwaka 2001 kilikuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hao ndio waliotuletea tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa na bila udongo wa kuungia katikati. Tofali hilo ndilo jibu ambalo fundi wa Chala analihitaji kwa tatizo lake la kuni. Limekuwepo kwa miaka mingi. Swali ni kwa nini bado ni la maonyesho zaidi kuliko la ujenzi wa kila siku.

Nadhani jibu liko katika namna tunavyojenga tunapokuwa na fedha. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000. Yalijengwa kwa kasi iliyotushangaza wengi, na watoto waliokuwa wakisongamana wakapata nafasi. Sitaki kulibeza hilo. Mwenye mtoto aliyesomea chini ya mti hawezi kuambiwa asubiri matokeo ya maabara. Lakini tufanye hesabu ndogo. Kama darasa moja tu katika kila mia lingejengwa kwa majaribio, kwa udongo uliopimwa na kwa umbo lililokokotolewa, leo tungekuwa na madarasa 150 ya kujifunzia, katika ardhi ya kila aina, huku 14,850 yakijengwa kama kawaida. Hakuna maabara ya Zürich yenye utajiri wa namna hiyo. Sisi wa vyuo vikuu hatukuliomba hilo kwa sauti. Tulikuwa tukiandika makala za kupandishwa vyeo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule ni hili. Mashine ikija, ije. Sina ugomvi na roboti, na kuna kazi za hatari na za usahihi ambazo atazifanya vizuri kuliko sisi. Lakini kabla ya kuweka saini, halmashauri iulize nani atakayekuwa na kichocheo cha zege, nani atakayeweza kuirekebisha programu bila kuomba ruhusa ng'ambo, na vijana wangapi wa hapa watabaki na ufundi siku mkandarasi akifunga virago. Kama majibu ni mabaya, mashine hiyo ni jembe la dukani, na historia ya malungu imeshatuonyesha mwisho wake.

Nilimtumia rasimu ya makala haya. Hakubishana nami juu ya Kilwa wala Oman. Aliuliza jambo moja tu: kama angechukua ndoo tatu za udongo wa Chala, azipeleke wapi zikapimwe, na nani angelipia? Nilimtajia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na wakala ulioko Dar es Salaam. Kuhusu malipo, nilitafuta fungu la bajeti ambalo ningemwelekeza, sikulipata. Wenzangu mnaosoma mkiwa katika ofisi za mipango, swali lake bado liko mezani, na Chala tanuri linaendelea kufuka.